Gurudumu la Ziwani

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, huvua baharini kila mapumziko, na hachoki kunicheka mimi niliyehamia pwani kutoka ziwani. "Nyie mnavua samaki wa kubembeleza," husema mbele za watu. "Huku kwetu samaki anakuvuta mpaka unamwita mama."

Mwaka jana alichukua fimbo yangu ya kuvulia bila kuniuliza, akaenda nayo baharini. Yake huisuuza kwa maji ya bomba kila akirudi, utadhani anaogesha mtoto mchanga. Yangu aliitupa stoo na chumvi yake. Nilipofungua gurudumu la kukunjia mshipi, nilikuta meno yameliwa na kutu. Nikamwambia. Akacheka. "Si kidude cha ziwani tu?"

Nikameza hasira. Gurudumu nikaling'arisha nje, ndani sikugusa. Bila mzigo lilizunguka vizuri tu.

Juzi fimbo yake ilivunjika asubuhi ya mashindano ya kuvua ya kazini kwao, akaja kwangu mbio. Nikampa yangu kwa mikono miwili, kisha nikamfuata ufukweni nijionee.

Samaki alikuja, tena mkubwa. Wenzake walikusanyika, bosi wake akipiga makofi. Shemeji alizungusha kidogo tu, gurudumu likakwama kama limepigwa misumari. Mshipi ukakatika, naye akaanguka kwa makalio majini.

"Umenipa kitu kibovu!" akafoka.

"Hapana, shemeji," nikamjibu. "Nimekurudishia chumvi yako."