Soksi Kwenye Kengele

Natangaza rasmi, mbele ya ulimwengu wote, kwamba mimi ni Mungu. Msihangaike kupiga magoti, maana nanyi ni Mungu, na hata matroni wetu anayekoroma. Ndivyo mwalimu wa dini alivyotufundisha kuhusu falsafa moja ya Wahindu: Nafsi iliyo ndani ya kila mtu ni moja tu, na hiyo ndiyo Mungu.

Asubuhi ile shule nzima ilichelewa kuamka. Mtu alikuwa ameuvika ulimi wa kengele soksi, na soksi ilikuwa ya Kipara, jirani yangu wa kitanda. Akaamriwa afungashe arudi kwao. Bweni zima lilimtazama kwa jicho la pembeni, isipokuwa mwalimu wa dini, aliyekuwa amesimama mlangoni. Yeye alinitazama mimi.

"Wewe unajua kitu," alisema.

"Mwalimu, Nafsi haitendi lolote. Inatazama tu," nilijibu kwa upole wa mtawa.

"Vizuri. Na iliyo ndani ya Kipara?"

"Ni hiyo hiyo, mwalimu."

"Basi anayefukuzwa hapa ni nani?"

Kipara alikuwa akipigana na zipu ya begi. "Mjibu basi, ewe Mungu," alininong'oneza. "Mama ataniua mimi."

Nilijaribu kumwona kama mtu baki. Nikashindwa, nikajikuta nimeishika zipu kana kwamba begi ni langu.

"Ni mimi," nikasema.

"Na aliyeivika kengele soksi?"

"Ni mimi pia, mwalimu. Ila huyu mimi mdogo, mwenye mikono."