Bata Bwawani

Clarrie Pettifer aliletwa kwetu mwezi wa Agosti. Alikuwa na miaka sabini na moja na bado alikata manyoya ya kondoo wa majirani zake. Kiharusi kilimpiga akiwa ameinama juu ya kondoo, mashine mkononi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakamtoka yote isipokuwa matusi. Matusi kiharusi huwa hakiyagusi sana.

Kazi yangu pale hospitalini ni kuwafundisha watu kusema upya. Nilimwonyesha picha ya kikombe.

"Hiki nini, mzee Clarrie?"

Alikitazama kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati. Mdomo ukahangaika, likatoka tusi moja safi, kisha machozi. Siku nne tulikwenda hivyo.

Siku ya tano mkewe aliingia katikati ya somo. Nola alikuwa mwanamke mfupi, viatu vyake vimejaa matope. Mafuriko yalikuwa yameifunga barabara ya kwao siku zote hizo. Clarrie akainua kichwa, na maneno yakatoka mazima:

"Bata bwawani!"

Nikaandika kwenye faili: amechanganyikiwa. Nola alicheka mpaka akatafuta kiti, na kicheko kikageuka kilio.

"Hajachanganyikiwa, mwanangu. We umekulia Sydney, utajulia wapi? Kule bandani kwa wakata manyoya, wanaume wakimwona mwanamke anakuja, ndiyo kelele waliyokuwa wakipiga. Yaani jamani, acheni matusi. Siku ya kwanza nakutana na huyu, yeye ndiye aliyepiga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimebeba birika la chai."

"Na matusi yakakoma?"

"Wapi! Yeye mwenyewe aliendelea."

Clarrie alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa uso.

Nikaziweka picha kando. Nikamuuliza, "Kengele ya saa nne ikilia bandani, mnakwenda wapi?"

"Smoko," akajibu pale pale. Chai, kikombe, sigara na kunyoosha mgongo, vyote vilikuwa ndani ya neno hilo. Neno "choo" halikutoka, lakini "dunny" ilitoka. Alasiri ilimshinda, "arvo" haikumshinda. Maneno ya darasani yalikuwa yamezimika, ya bandani bado yanawaka. Nola akaanza kuyaandika nyuma ya kalenda ya duka la mbegu, na kila alipokuja aliongeza mengine. Nilisoma chuo miaka minne, nikajikuta mwanafunzi wa bibi mwenye penseli ya kuazima.

Jina la mkewe ndilo lililomtesa. Alianza vizuri, "No...", ulimi ukateleza, ikawa "no worries", yaani hamna shida. Akakipiga kitanda ngumi.

"Acha hasira," Nola akamwambia. "Nitaitika hilo hilo. Zuri kuliko alilonipa mama."

Mwishoni mwa Septemba daktari akashauri apelekwe nyumba ya wazee. Nola hakubishana naye. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Clarrie, nisikilize. Nyumbani kuna ngazi saba, na magoti yangu unayajua. Nitakuosha vibaya, nitakuchelewesha chakula, nitakufokea. Unataka kurudi?"

"Haswa!"

Nola akamuuliza lile swali la "kweli kabisa?", ambalo huku halijibiwi kwa uongo: "Fair dinkum?"

"Dinkum," akasema Clarrie, na mkono wake mzima ukaushika wa Nola.

Wakarudi nyumbani.

Nilikwenda kuwatembelea Novemba. Nilimkuta Clarrie barazani, taulo shingoni, Nola anamnyoa ndevu. Wembe ulikuwa umemkwaruza mahali pawili. Clarrie akajipapasa shavu, akaitazama damu kidoleni, na nikaona midomo yake inatafuta. Nola akaushusha wembe.

"Kondoo..." alisema. "Kondoo... angekupiga... teke."

Haukuwa msemo wa bandani. Haukuwa kwenye kalenda. Aliuunda mwenyewe, neno kwa neno, ili amkejeli mkewe.

Nola akajifuta macho kwa mkono wenye povu, na povu likamfanya alie zaidi. Kisha akamshika sikio kwa upole, akamgeuza kichwa.

"Tulia basi, we mbuzi mzee. Bado shavu la pili."