Magofu Mkabala na Hospitali

Binti yao alipoingizwa chumba cha upasuaji kutolewa kidole tumbo, bibi yake aliwafukuza wazazi wote wawili ukumbini.

"Mnanizunguka kama pia, mnanitia kizunguzungu. Nendeni mkapunge upepo. Likiwapo la kusema nitapiga simu."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bustani ya jiji, na ndani yake magofu ya jumba la tajiri wa zamani. Baba mtoto, fundi bomba, aliingia kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa. Mkewe akamfuata, simu kaishika kwa mikono miwili.

Paa halikuwapo. Ngazi ya mawe ilipanda ikakatikia hewani. Katika chumba cha ndani kabisa bomba kuukuu lilichungulia ukutani, na fundi akaanza kulikwangua kutu kwa ufunguo.

"Mtoto yuko chini ya kisu, wewe unakagua mabomba?"

"Nikikaa bure nitapasuka, mama watoto. Mbona wewe unasoma kibao hicho hicho cha ukutani tu?"

Kweli alikuwa amekisoma na kukirudia, na hakujua kimeandikwa nini.

"Tangu juzi analia tumbo," alisema. "Ukasema anakwepa shule."

"Na wewe ukamnywesha tangawizi."

Walitazamana, wote wawili wakajuta kufungua kinywa. Mama akainamisha macho kwenye simu.

"Mungu wangu. Mtandao hakuna!"

Kuta zile zilikuwa nene kama za gereza. Walitoka mbio, yeye viatu mkononi, mumewe akiruka matofali. Langoni simu ikaanza kutetemeka: bibi alikuwa amepiga, akapiga tena. Walipompigia, hakupokea. Walivuka barabara huku madereva wakiwatukana.

Bibi walimkuta ukumbini, uso kaufunika kwa khanga, analia. Mama mtoto akamshika mabega.

"Ametoka salama!" bibi akasema. "Kidole kilikaribia kupasuka, lakini wamekiwahi. Mlikuwa wapi?"

"Sasa unalia nini, mama?" fundi akauliza.

"Nilie lini basi? Ningelia mbele yenu, mngezimia."

Jioni binti alilala, mdomo wazi, akikoroma kidogo. Wazazi walikaa pande zote mbili za kitanda. Goti la fundi lilikuwa bado linachezacheza. Mkewe akanyoosha mkono mmoja kulituliza, wa pili bado umeishika simu.