Saladi za Makao Makuu

Saba. Ndiyo namba aliyoandika Kuwabara Shinobu kwenye fomu ya asubuhi, pale wanapouliza moyo wako leo ukoje, moja hadi kumi. Wanapouliza umelala kwa saa ngapi, akaandika sita. Alikuwa amelala mbili. Lakini we jaribu kuandika ukweli uone. Unaitwa kile chumba kidogo chenye boksi la tishu, unaambiwa tupumzike kwanza, tusikimbilie kazi, na jina lako linatolewa kwenye orodha ya usaili.

Mzee Isogai, aliyekuwa dereva wa teksi kabla kichwa hakijamgomea, akachungulia fomu yake.

"Saba tena? Mimi nimeweka nane. Nimelia njia nzima kwenye treni, lakini nane."

"Nyamaza wewe mzee, mwalimu atasikia."

"Mwalimu anajua. Unadhani nani kanifundisha?"

Kituo, cha mafunzo kwa waliowahi kuugua akili, kilikuwa juu ya duka la dawa, pembeni kabisa ya mji wa Chiba. Serikali inakupa miaka miwili ya kujifunza kompyuta pale, basi. Shinobu alibakiwa na wiki tatu. Asipopata kazi, anarudi karakana ya kukunja maboksi ya keki, alikokaa miaka minne tangu atoke hospitali, na yeye alishaapa harudi. Dawa zake zinatetemesha mikono. Alijifunza kukandamiza viganja kwenye ukingo wa meza mpaka vidole vitulie, na sasa alichapa haraka kuliko mwalimu. Majedwali, fomula, grafu, vyote alivijua.

Saa nne akaingia Bwana Nezu, wa kampuni ya bima ya Tokyo. Mwalimu Togashi aliinama mpaka paji la uso likaribie meza. Shinobu akasogeza grafu zake kumi na nne, zimepangwa vizuri kwenye faili. Nezu akaweka kikombe chake cha chai juu ya faili.

"Kadi yako ya ulemavu inaisha lini?"

"Mwakani mwezi wa saba, bwana."

"Utaomba nyingine?"

"Ndiyo."

"Safi. Unaweza kusimama kwa saa ngapi bila kukaa?"

"Kusimama?"

"Na wadudu? Unaogopa wadudu?"

"Samahani bwana, nafasi si ya kuingiza taarifa kwenye kompyuta?"

Nezu akamwangalia Togashi. Togashi akaangalia dirisha.

"Utakuwa mfanyakazi kamili wa makao makuu," Nezu alisema taratibu, kama anaongea na mtoto mwenye homa. "Kitambulisho kile kile tunachovaa sisi. Eneo tu ndo tofauti."

Akaomba apewe nakala ya kadi, mbele na nyuma, akaondoka nayo. Faili aliliacha na duara la chai juu yake.

"Ni shamba, mwalimu," Shinobu alisema kwenye korido.

"Ni kampuni kubwa, Bi Kuwabara. Sheria inawataka waajiri idadi fulani ya watu wenye kadi. Ofisini hawawataki, wanakodi mabanda ya mboga na kuwaweka huko. Siku hizi kampuni nyingi ziko hivyo."

"Umenifundisha grafu miaka miwili."

"Najua." Togashi alishusha sauti. "Kituo nacho kinapimwa kwa waliopata kazi. Mwaka huu tumepeleka mmoja tu. Wakitufunga, Mzee Isogai aende wapi? Wiki tatu, Bi Kuwabara. Makao makuu, au maboksi?"

Shinobu alipofika nyumbani, kituo kilishapiga simu, na mama yake alishapika wali mwekundu wa maharage, ule wa sherehe, na alishapeleka bakuli kwa jirani.

"Makao makuu!" mama alisema, macho yamejaa machozi. "Mwanangu, makao makuu!"

Shinobu akasaini mkataba.

Banda lilikuwa la nailoni, watu sita, saladi mstari kwa mstari. Kazi iliisha saa nne asubuhi. Baada ya hapo unafuta meza ambayo umeshaifuta. Zile saladi haziuzwi. Kila Ijumaa gari linazipeleka Tokyo, zinawekwa mapokezi na kibao, chukua bure. Dereva alisema nyingi zinanyaukia pale pale.

Siku moja Shinobu akamwomba msimamizi, kaka mmoja mpole anaitwa Hosaka, amruhusu yeye aingize vipimo vya joto la banda kwenye kompyuta, amchoree grafu.

Hosaka akacheka, wala si kwa ubaya. "Sasa dada, ukimaliza kazi zote upesi hivyo, mchana utafanya nini?"

Mwezi wa tano wakaja kupiga picha za ripoti ya mwaka. Dada mmoja wa makao makuu, kucha safi, akaweka laptopu kwenye meza ya miche.

"Bi Kuwabara, kaa hapa. Jifanye unachapa."

"Haijawashwa."

"Haitaonekana. Tabasamu kidogo tu, bi."

Shinobu akavua glavu. Akakandamiza viganja kwenye ukingo wa meza, vidole vikatulia, vikaanza. Vilienda haraka mno hata mpiga picha akashusha kamera.

"Ah, huyu anaweza kweli!"

"Eti eh?" yule dada akasema, anaangalia saa. "Basi, inatosha. Asante sana."

Vidole vikaendelea. Yule dada akasubiri kidogo, kisha akaichomoa laptopu chini ya mikono yake, akatoa kitambaa chenye dawa, akaanza kufuta vitufe, kimoja kimoja, hata vile ambavyo Shinobu hakuvigusa.