Bolti ya Baba Mkwe

Kwa ukoo wa mkewe, jina lake lilikuwa Bomba. Hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya, ila hakuna aliyemwita kwa heshima pia. Alikuwa fundi bomba, tena hodari, na mtu aliyeamka akakuta maji yanatiririka sebuleni haulizi fundi ana cheo gani. Lakini baba mkwe alikuwa fundi saa mstaafu, mtu aliyemaliza ujana wake akiinamia vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama, na kwake binadamu walikuwa wa namna mbili tu: wenye mkono mwepesi na wenye mkono mzito. Siku Bomba alipokuja kuchumbia, mzee aliitazama mikono ya kijana huyo muda mrefu, kisha akamtazama bintiye kama anayempa pole. Akakubali, maana binti alikuwa amekwisha kukubali.

Basi hebu fikiria mshangao wa Bomba siku mzee alipofika kwake akiisukuma pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, lakini ilisuguliwa ikang'aa kama sahani za wageni, na haikuwahi kuendeshwa na mtu mwingine yeyote. Mzee alikuwa anasafiri kwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, na angekaa kwa mwanawe mkubwa mpaka apone.

"Iwashe kila asubuhi," alisema. "Ingurume kidogo, uizime. Isilale ikasahau kazi."

Akamwekea ufunguo mkononi, akaenda zake.

Mkewe Bomba alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Alilitumia kufutia macho. "Baba hajawahi kumpa mtu ufunguo huo," alisema. "Hata kaka hajawahi kuushika. Tafadhali, mume wangu, hii usiichezee."

Hakuichezea. Aliiwasha, akaizima, akaifuta vumbi, na kila alipoifuta alijiona amesogea hatua moja ndani ya ukoo. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Lakini Bomba ana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni wema wa kupitiliza. Siku moja kabla ya mzee kurudi, alitoka kazini mapema, akaikazia pikipiki macho, akaona si vizuri aikabidhi hivi hivi tu. Akaamua kuibadilishia oili.

Kumwaga oili ya zamani hakukuwa na shida. Shida ilikuja kwenye kufunga.

Katika kazi ya mabomba, kitu hukazwa mpaka kikatae. Kisipokataa, kitavuja, na mwenye nyumba atakupigia simu ukiwa ndiyo kwanza umetia tonge mdomoni. Kwa hiyo Bomba aliichukua ile bolti ya chini ya injini, inayoziba tundu la oili, akaizungushia tepu nyeupe ya mabomba, raundi kadhaa, nadhifu kabisa. Akaiingiza. Akaikaza kwa spana. Kisha akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akaegemea. Bolti ikakaza barabara. Akaongeza kidogo, ya kuagia.

Hapo bolti, iliyokuwa ngumu kama jiwe, ikawa laini. Ikazunguka. Akaisukuma tena, ikazunguka tena, bila ubishi wowote.

Ulaini ule kila fundi anaujua, na kila fundi anauogopa. Bolti ni ya chuma kigumu, injini ni ya alumini, na alumini haishindani na mtu aliyeegemea bomba. Alipoifungua, bolti ilitoka na machicha meupe yamejisokota kwenye meno yake, na yale machicha ndiyo yaliyokuwa nyuzi za tundu, ile mikato inayoishika bolti. Alitia kidole ndani. Palikuwa laini kama shingo ya chupa.

Mkewe alimkuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea tairi.

"Umefanya nini?"

"Nimeikaza."

"Umeikaza mpaka wapi?"

"Mpaka ikalegea."

Mkewe hakujua acheke au alie, akaanza na kucheka, halafu akamalizia na machozi. "Baba anarudi kesho alasiri," alisema. "Kesho, jamani!"

"Nitaipaka gundi. Kuna gundi moja kali, ikikauka..."

"Thubutu!"

Akachukua simu, akampigia shangazi yake.

Huyu shangazi, mdogo wake baba mkwe, alikuwa anatengeneza pikipiki kwenye karakana iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, na ukoo mzima ulimwita Shangazi Grisi. Alifika asubuhi iliyofuata na sanduku la vifaa, khanga kiunoni juu ya ovaroli, akapiga magoti chini ya injini. Kitu cha kwanza alichookota kilikuwa kipande cha tepu nyeupe. Akakiinua juu kwenye mwanga.

"Mkwe," alisema, "ulitaka humu yapite maji?"

Bomba aliomba ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, ikabidi aendelee kusimama pale.

"Shangazi, nisaidie. Mzee akijua, mimi nimekwisha."

"Hujakwisha. Tundu tutalipanua, tutalikata nyuzi mpya, kubwa kidogo, tutaweka springi ya waya ndani yake. Bolti itashika kwenye springi. Itakuwa na nguvu kuliko ilivyozaliwa." Akachomeka mashine ya kutobolea kwenye umeme. "Kutoboa nitatoboa mimi, maana ukienda upande hata bolti mpya haitatusaidia. Kukata nyuzi utakata wewe."

"Mimi? Mimi si ndiye niliyeharibu?"

"Ndiyo maana."

Alitoboa taratibu, akakipaka grisi kile chuma cha kukatia nyuzi ili machicha yanate humo yasidondokee ndani ya injini, akampa. Bomba alikishika kama anayeshikishwa mtoto mchanga wa watu. Nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma. Nusu mbele, kidogo nyuma. Katikati ya kazi kikawa kigumu, na mabega yake yakajipanga yenyewe, yakijiandaa kuegemea.

"Ee-ee!" Shangazi Grisi alimpiga kofi la bega. "Huo mkono wako unasikiliza au unaamrisha?"

Alitulia. Akarudisha nyuma, akakitoa, akafuta machicha, akapaka grisi upya, akaanza tena. Safari hii aliingoja alumini imwambie. Na kweli ilimwambia. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili, na kila mkwaruzo ulipobadilika alirudi nyuma kabla hajaambiwa. Jasho lilimdondoka puani. Hakuna siku aliyowahi kuchoka hivyo kwa kufanya kitu kidogo namna ile.

Walisafisha tundu, wakaizungusha springi ndani mpaka ikazama kidogo, wakavunja kimkia chake cha kuizungushia na kukitoa kwa kibano. Shangazi akamwaga oili kidogo kutoka juu ili iteremke na uchafu wowote uliobaki. Kisha akampa bolti na washa mpya, ile pete ya kuzuia oili isivuje.

"Shika spana karibu na kichwa. Vidole viwili."

"Utaniambia niishie wapi?"

"Sikuambii."

Bolti iliingia kwa mkono, bila kusukumwa. Kisha vidole viwili. Akasikia washa inajibana, akasikia chuma kimekaa mahali pake. Mwili wake wote ulidai kuongeza kidogo, ile ya kuagia, mazoea ya miaka yote yalikuwa yanamwasha mkononi. Akaachia.

Shangazi Grisi aliichukua spana, akaijaribu. "Mh," alisema.

"Mh nini, shangazi?"

"Mh ndiyo hiyo hiyo. Tia oili."

Waliwasha, ikanguruma mpaka ikapata joto, wakaizima, wakatandika gazeti chini yake. Ukawa ni msiba wa kungoja. Mkewe Bomba alikuwa akichungulia kila mara, anatoka, anarudi, kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Shangazi alikunywa chai yake yote na ya Bomba pia. Hatimaye alilivuta gazeti, akaligeuza huku na huku, akamkabidhi. Kavu. Hata tone moja la kusingizia halikuwepo. Bomba alijilaza chali palepale sakafuni na kucheka peke yake, mikono imetapakaa grisi, na raha ikampanda kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mimi nakwenda," alisema shangazi, akifunga sanduku lake. "Kumwambia kaka yangu au kutomwambia, hilo ni lenu."

"Hatumwambii," mkewe Bomba alisema haraka shangazi alipotoka. "Imepona. Ya nini kujitafutia balaa?"

Bomba alikubali. Kwa nini asikubali?

Mzee alifika alasiri na macho mapya. Daktari alikuwa amemtolea ukungu wote, na sasa alikuwa anaona kila kitu na kukitolea taarifa: ufa ukutani, mvi za bintiye, kifungo cha shati la mkwe kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Aliizunguka pikipiki polepole. Hakuinama. Akaipapasa tangi, akatabasamu.

"Umeitunza," alisema, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Bomba akautoa mfukoni. Ilibaki kuuweka tu kwenye kiganja kile, na mambo yangekuwa yamekwisha salama salimini. Lakini ule usemi wa "umeitunza" ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Baba," alisema, "niliharibu nyuzi za tundu la bolti ya oili. Niliikaza kupita kiasi."

Nyuma yake mkewe alishusha pumzi ndefu. Mzee alipiga goti, akapitisha kidole chini ya injini, akakitazama kwa macho yake mapya, akakinusa.

"Nani amekata nyuzi mpya?"

"Shangazi alitoboa. Nyuzi nimekata mimi."

"Na kukaza?"

"Mimi, baba."

"Ukaachia wapi?"

"Ilipokaa."

Mzee aliinuka kwa kushikilia kiti cha pikipiki, akajipangusa goti. Tangu binti aolewe, bomba lolote lililoharibika nyumbani kwa mzee lilitengenezwa na fundi wa kutoka upande wa pili wa mji. Mtaa mzima ulilijua hilo, na Bomba alikuwa amelimeza bila kumwambia mtu, hata mkewe.

"Bomba la jikoni kwangu linavuja," mzee alisema mwishowe. "Kesho uje ulitazame."

"Mimi, baba?"

"Sasa nani? Yule ninayemwita huwa hasemi anachoharibu."

Bomba aliitikia kwa kichwa, huku mkewe amemshika mkono uliojaa grisi bila kujali nguo yake.