Ripita ya Chumba cha Kufulia

Mwanangu aliponiambia atafunga king'ora nyumba nzima, nilimuuliza tunaficha nini humu, almasi? Televisheni yenyewe mpaka uipige kibao ndiyo iwake. Akasema, "Ni kwa usalama wako, Mama." Hapo nikajua nimekwisha.

Mimi nalala chumba cha uani: mlango wangu, redio yangu, kelele zangu. Tulikijenga na marehemu baba yake. Sasa mwanangu akatoa sharti. Mawimbi ya king'ora yakifika mlangoni kwangu, nabaki. Yasipofika, nahamia nyumba kubwa, ambako ukikohoa tu unaletewa dawa tatu.

Hayakufika. Kati yetu kuna kuta nene na tangi la maji la bati. Fundi akahangaika weee, mwisho akasema tutie ripita, yaani kiboksi cha kupokea mawimbi ya mlango wangu na kuyasukuma hadi boksi kuu la sebuleni. Akakichomeka katikati, chumba cha kufulia, soketi ya juu. Boksi kuu likatamka kwa sauti ya mwanamke anayejidai: "Mlango wa uani umefunguliwa." Nilimkumbatia fundi mpaka kofia ikamwanguka.

Wiki haijaisha, yule mwanamke akageuka: "Mlango wa uani haupatikani." Mwanangu akaja na uso wa msiba. "Si unaona, Mama? Anza kufunga vitu." Fundi akakuta ripita imechomolewa, akaichomeka. Kesho yake, yaleyale.

Nikamshuku mkwe wangu, maana soketi ile ndiyo ya kupigia pasi. Nikamvaa bila hodi.

"Mama, mimi napiga pasi sebuleni, natazama tamthilia," akasema. "Na ukihamia ndani, hiyo rimoti utaniachia?"

Nikamwamini papo hapo.

Basi mchana mmoja nikajibanza nyuma ya rundo la mashuka machafu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaenda kukisubiri humohumo. Mara mlango ukafunguliwa. Mwanangu, mzee mzima na kitambi chake, akapanda juu ya ndoo, mkono kwenye plagi.

"Gusa uone!"

Nusura avunjike shingo. Nilishaandaa matusi yote niliyorithi kwa mama yangu. Aliketi juu ya ile ndoo, akalia.

"Baba hakufa usingizini, Mama. Ulikuwa safarini. Alianguka kule uani, mimi niko sebuleni natazama mpira. Sijui aliniita mara ngapi. Nataka ulale ndani, nikusikie kwa masikio yangu."

Matusi yakanikauka mdomoni. Nililia naye, wala sikuona aibu, nikapenga kamasi kwenye shuka la mkwe. Kisha nikamwambia, "Chomeka."

"Mama..."

"Chomeka, mwanangu. Masikio yako yanapenda mpira. Hiki kiboksi hakijui mpira ni nini."

Akachomeka.

Sikuhama. Ila kila alfajiri nikiamka, naufungua mlango wangu na kuufunga, naufungua na kuufunga, yule mwanamke wa sebuleni anapayuka hadi mkwe anagonga ukuta.

"Nimesikia, Mama!" mwanangu anapiga kelele dirishani.

Namwacha aseme tena, ndipo naacha.