Lenzi ya Kwenda Nayo Hanang

Modest alitandaza vifaa vyake vyote kitandani: kamera mbili, lenzi tatu, stendi ya miguu mitatu, betri na chaja. Miaka yote aliyopiga picha za harusi na kipaimara pale Mbulu mjini, hii ndiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza. Yeye na mkewe, Kornelia, walipanga kupanda Mlima Hanang, kisha wakalione Ziwa Balangida.

"Baba Oliva, huo ni mlima," Kornelia alisema huku akikunja masweta. "Maji peke yake yatatutoa jasho. Chagua kamera moja na lenzi moja."

Modest akaiweka stendi pembeni bila ubishi. Kamera ya pili nayo akaitoa. Lakini lenzi ndefu, nzito kama mchi, akabaki ameipakata.

"Hiyo si ya ndege na wanyama? Kule juu utapigia nini?"

"Jorodom," akajibu. "Nikiwa juu nitaivuta, nipaone pale kwa kaka. Nisifike."

Kornelia akaacha kukunja. Theodory, kaka yake Modest, alifukiwa ndani ya nyumba yake huko Jorodom, Desemba ile ya 2023, mlima uliposhusha tope na mawe juu ya Katesh. Modest alikwenda kuzika, akarudi, na tangu hapo hakukanyaga tena. Loveness, mjane wa kaka yake, kila alipowaalika, yeye alikuwa na harusi mahali.

"Iache," Kornelia alisema taratibu. "Chukua ile fupi. Ukitaka kupaona, tutafika wote."

Asubuhi, kwenye basi, Kornelia alipolipokea begi la kamera alilisikia jepesi.

Loveness aliwapokea stendi ya Katesh.

"Shikamoo, shemeji," Modest alisema.

"Marahaba. Umekonda."

Hakumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Aliwaongoza kwa miguu hadi Jorodom. Mahali ilipokuwa nyumba palijaa mawe, mengine makubwa kuliko ng'ombe, na katikati yake mahindi yamestawi.

"Nayalima mimi," Loveness alisema. "Hapa lilikuwa jiko."

Modest akainua kamera, akaishusha. Akaketi juu ya jiwe, akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya maziko hakikumtoka. Wale wanawake wawili walisimama karibu naye, wala hakuna aliyembembeleza anyamaze.

Alipotulia, Loveness akauliza, "Kesho mnapanda?"

"Tunapanda."

"Basi nakwenda nanyi. Tangu niolewe nakaa chini ya mlima huu, sijawahi kuupanda. Nataka nione ulipokatikia."

Wakapanda asubuhi, wakiongozwa na Gidabuday, mwenyeji aliyezoea njia za huko. Loveness alivaa raba za mwanawe Abel. Miti ilipoachana, Gidabuday akanyoosha fimbo ng'ambo ya korongo, kwenye kovu jekundu ubavuni mwa mlima.

Loveness akalitazama muda mrefu.

"Ni pale tu?"

"Ndipo tope lilipoanzia, mama."

"Padogo vile?"

Akaketi kwenye majani, akayakumbatia magoti yake. Kisha akasema, "Shemeji, nipige picha hapa. Wanangu waone nilifika."

Ili uso wake uonekane vizuri na ile lenzi fupi, ilimbidi Modest asogee hadi hatua chache tu kutoka kwake. Akamwambia angeweza kujifuta machozi kwanza.

"Niache hivihivi."

Akapiga mara moja. Akamshika mkono, akamwinua.

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Chini ziwa lilionekana jeupe kwa chumvi, na uwanda ukaenda hadi macho yakachoka. Loveness akajifunga khanga vizuri kichwani, akasimama bega kwa bega na Kornelia, akaanza kumwonyesha upande alikozaliwa, njia waliyopitishia ng'ombe wakati wa kiangazi, na kisima alichochotea maji akiwa msichana.